Waliniuliza niliona nini

Shingo yake ilikuwa inchi 16 na nusu. Nalijua hilo kwa sababu ndimi niliyekuwa nikimshonea kanzu, tangu ile aliyoolea mpaka ya mwisho, na daftari langu la vipimo liko hapa hapa pembeni ya cherehani. Urefu 58, kifua 44, mkono 24, shingo 16 na nusu. Alikuwa hataki kitu kimbane. "Fundi, niachie nafasi ya kupumulia," akiniambia kila akija, na mie nikimwachia.

Mbali ya ushoni nina kazi nyingine isiyo na ujira: naosha maiti. Baba yangu alikuwa akiosha, mie namshikia ndoo. Macho yalipoanza kumtoka nikaachiwa kazi. Mtaani kwetu hapa Wete akifariki mwanamme, hodi ya kwanza hupigwa kwa imamu, ya pili kwangu. Siku alipoletwa yeye nilikuwa natia vifungo. Kijana alikuja na Vespa, hata injini hakuzima. "Fundi, waitwa. Kaletwa."

Hakusema kafa. Kufa kwake tulishakusikia tangu asubuhi, sokoni, kabla hata mkewe hajaambiwa.

Jina lake silitaji, wala kituo cha polisi alichofia. Ana watoto wanaokwenda skuli, na Wete ni mji mdogo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu bila ya kuliandika. Kilichonichokoa ni baraza la wiki iliyopita. Baada ya Isha vijana walikuwa wamekusanyika juu ya simu moja, vichwa vimegusana kama kuku kwenye chenga. Walikuwa wakitazama picha za kamera za jela ya New York alikofia yule tajiri, Jeffrey Epstein. Serikali ya Marekani ilizitoa Julai 2025 ili watu waridhike kwamba usiku ule hakuna aliyekwenda kwenye chumba chake. Saa iliyo pembeni ya picha inakwenda vizuri mpaka imebaki dakika moja ifike saa 6 ya usiku, halafu inaruka. Dakika nzima haimo kwenye picha zile. Waziri wa sheria wa kule alieleza kwamba mashine yao ni ya zamani, kila usiku hujianza upya na dakika hiyo hupotea.  Lakini ulitakiwa uwaone wale vijana usoni.

"Dakika moja," alisema anayekaanga mihogo. "Dakika moja watosha kumnyonga ng'ombe."

Mzee mmoja aliyekuwa akicheza dhumna akagonga kete yake, na bila ya kuinua kichwa akasema: "Mwahangaika na New York. Fundi huyo hapo, kamwosha wetu. Muulizeni aliona nini."

Kukawa kimya. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Nikanywa yangu, nikasema imepoa, nikaenda zangu nyumbani.

* * *

Alikuwa akikusanya pesa za umra. Ofisi yake chumba kimoja: picha ya Kaaba, feni ya mezani, daftari kubwa lenye jalada jeusi. Siwezi kusema alianza kwa wizi. Misimu ya mwanzo watu walikwenda na wakarudi na zamzam zao na tende zao, na hao ndio waliomtangaza. Ndipo wengine wakaanza kumpa kidogo kidogo, kwa mafungu, yeye anaandika daftarini, nawe unapewa karatasi yenye muhuri.

Yupo mama mmoja jirani yangu, namwita Bi Mkubwa, aliyetimiza milioni 3 na laki 8 kwa namna hiyo. Pesa za karafuu, wala karafuu zenyewe si zake. Alikuwa akichambua za watu, analipwa kwa pishi, anakaa kwenye mkeka kutoka Alasiri mpaka usiku akitenganisha karafuu na makonyo, vidole vinakuwa vyeusi mpaka msimu umalizike. Ukimuuliza hesabu yake hakwambii kwa shilingi. Atakwambia misimu minne.

Ulipofika wakati wa kusafiri, watu 30 na kitu walishuka bandari ya Mkoani na mabegi yao, wanawake wamevaa baibui mpya, wengine nimewashonea mie. Wakavuka mpaka Unguja. Wakalala siku 4 kwenye nyumba ya kupanga, wakila mkate na chai, wakiambiwa viza kesho, viza kesho. Siku ya 5 wakarudi na boti ile ile. Bi Mkubwa aliniambia kilichomuuma zaidi si pesa, ni kuteremka gatini Mkoani na watu wanamwona.

Alikamatwa Jumanne jioni. Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa afikishwe mahkamani. Watu walijipanga kwenda. Nilisikia mpaka gari la kukodi lilishatafutwa, wamechangishana nauli. Alhamisi asubuhi ndiyo tukaambiwa kafa. Kajinyonga kwa shuka, usiku, hakuna aliyeona. Maelezo yalikuwa sentensi mbili, na mpaka leo hayajazaa ya tatu.

Kwetu Zanzibar jela inaitwa Chuo cha Mafunzo na waliomo tunawaita wanafunzi. Yeye hakuwahi hata kuandikishwa.

Hapo maneno yakazaliwa. La kwanza lilikuwa kwamba kanyongwa, kwa kuwa pesa zile hakula peke yake na siku ya mahkama angetaja majina. La pili kwamba hakunyongwa wala hakujinyonga, kapigwa, na kipigo kikamzidi. La tatu, na hili ndilo linalonikera mpaka kesho, kwamba hakufa kabisa: kavushwa usiku kwa ngalawa kwenda Shimoni, yuko Kenya anakula pesa za watu, na maiti iliyozikwa ni ya mtu mwingine. Mtu aliniambia hivyo usoni pangu, dukani kwangu, nikiwa nimeshika mkasi. Mie niliyemshonea kanzu 11! Nikamwambia, bwana wee, basi nionyeshe huyo mtu mwingine wa 16 na nusu aliyepotea Pemba nzima siku ile.

Akacheka. Lakini aliondoka na imani yake ile ile.

* * *

Sasa niseme ninachoweza kusema.

Ufuo ulichimbwa uani, nyuma ya nyumba, kitanda kikawekwa juu yake na shuka zikazungushwa pande nne. Tulikuwa watatu: mie, mzee mmoja tuliyezoea kuosha pamoja, na mtoto wa dada yake marehemu akimimina maji. Ndugu yake wa tumbo moja alitaka kuingia, akafika mpaka kwenye shuka, akageuka. Majani ya mkunazi yalikuwa yameshapondwa. Ukianza kuosha huangalii mtu, unaangalia mpangilio: upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mara tatu au tano au saba, na kitambaa kimefunika kutoka kitovuni mpaka magotini wakati wote. Maji ya mwisho yana karafuumaiti. Yule kijana wa kumimina mkono ulikuwa ukimtetemeka na maji yalikuwa yakipotea nje, nikamwambia taratibu, baba, hana haraka tena.

Nilipofika shingoni nilikuwa najua nimefika shingoni. Vidole vyangu vinaijua ile sehemu kuliko daktari aliyemtazama. Hapo ndipo ninaponyamaza, na kama umesoma mpaka hapa ukitaraji nitasema, nisamehe.

Tumefundishwa kwamba anayemwosha Muislamu akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe mara arubaini. Baba yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kupima maji. Lakini aliniongezea jambo ambalo sijalisikia kwa wengine wengi: aibu ya maiti ifiche, haki yake usiifiche, ila haki haisemwi kwenye kahawa. Inasemwa mbele ya mwenye uwezo wa kuitoa. Siku ukiitwa na hakimu, nenda useme uliloliona, hata kama hukuona kitu.

Sikuitwa. Sikuitwa siku ile, wala mwezi ule, wala baadaye. Yule mzee mwenzangu hakuitwa mpaka akafariki, na nikamwosha naye. Kijana wa maji hakuitwa. Sasa yuko Muskat anaendesha gari. Watu watatu tulimshika yule mtu kwa mikono yetu kwa muda wa nusu saa, na hakuna aliyekuja na kalamu.

Na kuna la imamu, ambalo linanirudia kila nikisikia mtu anasema "ushahidi".

Tulipomaliza kumkafini, jeneza likapelekwa msikitini, msikiti umejaa mpaka barazani. Imamu akaniita pembeni ya birika la kutawadhia. Alikuwa amesikia neno "kajinyonga" kama kila mtu, na anajua, kama tunavyojua wote, kwamba Mtume hakumswalia mwenyewe mtu mmoja aliyejiua, ingawa madhehebu yetu yanasema huswaliwa. Wako maimamu wanaosimama kando wakamwachia mtu mwingine, ili watu watishike na kitendo. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, niswalishe?"

Nikamwambia, "Swalisha, Sheikh."

Maneno mawili. Nilikuwa na maana kwamba maiti huyu ni wetu, mswalie, usiwaongezee watoto wake msiba juu ya msiba. Mtu yeyote angeniuliza vile kuhusu mtu yeyote ningemjibu vile. Lakini watu waliokuwa wakitawadha walituona, na imamu akaswalisha mwenyewe, na kabla jeneza halijafika makaburini habari ilikuwa imeshafika: Fundi kamwambia imamu hakujinyonga. Fundi kaona. Mpaka leo kuna watu Wete wanaapa juu ya jambo hilo, na wananitaja mie kwa jina.

Nikikanusha wanasema katishwa. Nikinyamaza wanasema si unaona, kanyamaza.

* * *

Habari ya Epstein naikumbuka ilivyonifikia. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, Iddi ya Mfunguo Tatu imekaribia, na fundi yeyote atakwambia siku hizo zilivyo: nguo zimekufunika mpaka kichwani, kila mtu anataka yake leo. Radio ilikuwa imewashwa kwa ajili ya kelele tu. Taarifa ya jioni ikasema tajiri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa kuwauza na kuwachezea wasichana wadogo kakutwa amekufa jela. Alikuwa kakamatwa tarehe 6 Julai, kanyimwa dhamana, anasubiri kesi. Nikanyanyua mguu kwenye pedeli. Sikuwa namjua. Niliyemkumbuka ni wetu.

Baadaye nilimtafuta kila mahali palipoandikwa Kiswahili, na mwanangu akanisomea ya Kiingereza. Kwa mtu wa kazi yangu, habari ile ni ya kuumiza kwa namna yake. Tarehe 23 Julai alikuwa ameshakutwa na alama shingoni, akawekwa kwenye uangalizi wa wanaotaka kujiua, kisha akaondolewa. Ikaamriwa asilale peke yake. Tarehe 9 Agosti mwenzake wa chumbani akahamishwa, na hakuna aliyewekwa badala yake. Askari wawili waliotakiwa wapite kila nusu saa hawakupita. Walikuwa mezani, hatua chache tu kutoka mlangoni pake, wakitafuta fanicha na pikipiki kwenye intaneti, na kwa muda wa kama saa 2 walionekana kama wamelala. Kisha wakajaza karatasi kwamba wamepita. Kamera nyingi za pale zilikuwa hazirekodi. Daktari wa mji anayechunguza maiti akasema kajinyonga. Daktari mwingine, aliyelipwa na ndugu wa marehemu asimamie kwa niaba yao, akasema mivunjiko 3 aliyoiona shingoni inafanana zaidi na ya mtu aliyenyongwa. Juni 2023 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya sheria akatoa ripoti ndefu: uzembe juu ya uzembe, lakini hakuona dalili ya mtu kuuawa.

Mie, kwa nilivyosomewa, naona alijinyonga. Nasema hivyo barazani na wananizomea. Lakini siwezi kuwalaumu wanaokataa. Umeshakubali kwamba karatasi ya kupita usiku iliandikwa uongo. Sasa unanipa karatasi nyingine, kutoka jengo lile lile, unataka niiamini. Mteja akikuta mshono mmoja umefumuka anageuza nguo nzima nje ndani, na ana haki.

Kilichonigusa zaidi hakikuwa shingo. Sheria ya kule ni kama ya kwetu: mshtakiwa akifa, shauri la jinai linafutwa, humhukumu maiti. Jaji, Richard Berman, angeweza kuweka saini na kufunga faili. Badala yake tarehe 27 Agosti 2019 akafungua mahkama na kuwaita wanawake waliodai kudhulumiwa. Zaidi ya 20 walisema siku ile, wengine kwa midomo yao, wengine kupitia mawakili. Mshtakiwa hayupo, hukumu haipo, lakini walisimama mahala pale pale ambapo wangesimama. Siku 2 baadaye ndipo shauri likafutwa. Na mwanamke aliyeshirikiana naye, Ghislaine Maxwell, alipatikana na hatia Desemba 2021, akafungwa miaka 20.

Nilimweleza Bi Mkubwa habari ya yule jaji. Alikuwa amekuja kupunguziwa baibui. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wao walilipa nauli wenyewe?"

* * *

Wapo wanaosema wasiwasi huu wa watu ni ujinga, kwamba wangeona kwa macho yao wangenyamaza. Si kweli hata kidogo. Lee Harvey Oswald, aliyetuhumiwa kumuua Rais Kennedy, alipigwa risasi tarehe 24 Novemba 1963 ndani ya jengo la polisi la Dallas, mbele ya kamera, Wamarekani majumbani mwao wanatazama. Hapakuwa na la kuuliza kuhusu namna alivyokufa. Wala mtu hakutulia. Jack Ruby aliyempiga naye akafa Januari 1967, hukumu yake imeshatenguliwa, anasubiri kesi mpya. Watu hawakuwa wakitaka kujua amekufaje. Walitaka kusikia angesema nini.

Na sisi tuna yetu, haina haja ya kwenda Dallas. Jioni ya Ijumaa ya tarehe 7 Aprili 1972 nilikuwa mtoto wa miaka 7, tumekatazwa kutoka nje bila ya kuambiwa kwa nini. Mzee Karume alikuwa kapigwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake. Luteni anayetajwa kuwa ndiye aliyefyatua, Humud Mohamed Humud, naye hakuiona siku ya pili. Walioshtakiwa baadaye walikuwa wengi, kesi ikachukua muda mrefu, na waliokuwa wamezuiliwa Bara, akina Abdulrahman Babu, wakashtakiwa bila ya kuwepo, kwa kuwa Nyerere hakuwatoa. Babu aliachiwa 1978. Lakini aliyeingia na silaha hakuulizwa neno. Nina zaidi ya nusu karne nasikia kisa hicho. Kila nyumba ina chake. Ukisikiliza Mkoani ni kingine, ukisikiliza Ng'ambo ni kingine, na kila msimulizi anaapa kwamba babu yake alikuwa jirani na mtu aliyekuwepo.

Nikasikia tena jambo la namna hiyo Januari 2022, kutoka Mtwara. Askari polisi walikuwa wakituhumiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini, na mmoja wa watuhumiwa, ofisa wao, akafia mahabusu. Polisi wakasema kajinyonga. Safari hii aliyefia mikononi mwa polisi ni polisi, na watu wakauliza maswali yale yale, neno kwa neno, ambayo Wete tuliyauliza. Nilikuwa napiga pasi. Mke wangu akanitazama tu. Huko Bara ipo sheria ya tangu 1980 inayompa hakimu kazi ya kuchunguza kifo, aite mashahidi na aulize mbele ya watu. Sheria nzuri. Namfikiria muosha wa kule, sijui kama yeye aliitwa.

* * *

Siku ya maziko ya wetu, baada ya talakini, ndugu yake alisimama kama inavyosimamwa. "Ndugu zangu, marehemu ni mwanaadamu. Aliyemkosea amsamehe. Anayemdai aje kwetu, tutamlipa tukijaaliwa." Ni maneno ya kila kaburi, nimeyasikia mara mia. Lakini siku ile waliokuwa wamesimama juu ya mchanga ule, nusu yao walikuwa wakimdai. Waume na watoto wa wale waliolala siku 4 Unguja. Hakuna aliyejibu. Kunguru walisikika. Mtu mmoja alikohoa, na watu wote wakamgeukia.

Shauri la jinai hufa na mtu, deni halifi. Sheria ya Kiislamu inalitoa kwenye mali kabla mrithi hajapata shilingi. Hata kule Marekani, Epstein alikuwa ametia saini wasia siku 2 tu kabla ya kufa, na kutokana na mali yake ukaja kufunguliwa mfuko uliowalipa wanawake wale zaidi ya dola milioni 120. Ya wetu ilikuwa nyumba isiyopigwa plasta, na Vespa. Daftari lenye jalada jeusi lilichukuliwa siku aliyokamatwa na halikurudi. Bila ya daftari, ndugu yake hajui amlipe nani na kiasi gani. Akija mtu na karatasi yenye muhuri analipa alichonacho. Bi Mkubwa hajaenda. Kila nikimwambia aende anajibu kwamba yeye hakumpa pesa yule ndugu.

"Mie nilitaka nimwulize yeye," aliniambia. "Mbele za watu. Nimwulize, ulipokuwa ukiandika jina langu, ulikuwa ukijua?"

Na mie nilikuwa namdai. Kanzu ya mwisho, ya 11, aliiagiza kwa ajili ya safari ile ile, kwa kuwa yeye ndiye angekuwa kiongozi wa msafara. Kitambaa cheupe kizuri, darizi ya hariri shingoni, kishada. Alitanguliza nusu, ikabaki 30,000. Ilikuwa imetundikwa hapo nyuma ya mlango siku ninamwosha, na iliendelea kutundikwa. Watu waliitolea bei. Sikuiuza.

Ndugu yake alikuja mwenyewe, miezi mingi baadaye, saa za Alasiri, duka tupu. Alitoa noti tatu za elfu kumi kumi, zimekunjwa ndogo kama hirizi, akaziweka juu ya cherehani. Nikamwambia zihifadhi, nimeshasamehe. Akakataa. Nikaishusha kanzu, nikaipiga pasi mbele yake, nikaikunja. Hakuondoka. Alisimama akiishika shika pale penye darizi, anapitisha kidole gumba kwenye mzunguko wake, anazunguka, anarudi alikoanza. Nilijua anachotaka kuniuliza, na alijua kwamba najua.

"Fundi," akasema mwisho, "shingo hii uliikata ngapi?"

"Kumi na sita na nusu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaiweka kanzu kwapani, akatoka.